Nusu Ukiigawa kwa Robo

2 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuacha. Huku sote tu wazima. Goti la bibi linauma asubuhi na kupona mchana, hasa akisikia kuna mgeni. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule ya jirani, kwa hiyo sebule imejaa vitambaa vya bluu na ukitaka kukaa ni lazima kwanza uhamishe mikono ya mashati. Baba hajambo. Mimi nimeingia kidato cha pili katika shule yetu ileile, ya msingi na sekondari, ambayo baba bado ni mkuu wake, na nyumbani bado wananiita Katibu kwa sababu ya daftari langu ninaloandika kila ninachokiona.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Juzi wakati wa chakula baba alitusomea waraka wa semina ya walimu. Itafanyika likizo ya mwezi wa nne, kwenye chuo cha ule mji ulio katikati yetu na ninyi. Baba ndiye mwenyekiti wa kamati, ingawa wawezeshaji huchaguliwa na mratibu. Alisoma mada ya kwanza na jina la mwezeshaji wake, akasoma ya pili, ya tatu, kisha ya tano. Mama akauliza ya nne imekwenda wapi. Baba akasema, "Ya nne ni ipi? Ya nne si muhimu." Unakumbuka kwamba yeye huuliza na kujijibu mwenyewe. Akaikunja karatasi.

Kesho yake alinituma kupeleka daftari la mahudhurio ofisini kwake. Waraka ulikuwa mezani. Mada ya nne ni "Kumshirikisha mwanafunzi darasani", na jina lililoandikwa hapo ni lako.

Je, ni wewe kweli? Na utakubali? Sikumwuliza baba. Nyumbani jina lako halikatazwi, ila likitajwa kila mtu hukumbuka kazi aliyokuwa ameisahau.

Tafadhali usipige simu ya mama. Spika yake imeharibika na sasa inazungumza na nyumba nzima.

Mwanao,
Katibu


15 Februari

Katibu wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuja Jumatano, nikaisoma nimesimama. Kikohozi kimekwisha. Nyumba niliyopewa hapa shuleni ina chumba kimoja na dirisha moja, nalo linatazama uwanja wa mpira, kwa hiyo kioo kimebaki nusu na nusu nyingine ni boksi la vitabu. Mwambie bibi nimepata dawa ya kuchua, nitamtumia. Mwambie mama yako mashati ya bluu yasimtie wazimu, ashone kola zote kwanza.

Ni mimi. Mratibu alikuja kukagua shule yetu mwaka jana. Alikaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima bila kusema neno, nami nikafundisha vizuri kwa kuwa sikujua kama yupo.

Sijajibu. Nimepewa hadi tarehe 31 Machi. Ni saa moja na nusu mbele ya walimu sitini. Darasa langu lina watoto sabini na mmoja na siwaogopi. Mtoto akichoka hakufichi: analala, anachora, anamfinya jirani. Mwalimu akichoka anakutazama usoni na kutikisa kichwa, huku anapanga atapanda basi la saa ngapi. Nitajuaje kama wapo?

Sasa nisaidie. Wewe unakaa kwenye dawati kutwa nzima, mimi nimesahau kunakuwaje huko. Niandikie ni nini kinachokufanya uwe macho darasani na nini kinachokupoteza. Usiandike ulichofundishwa kusema. Andika unachokiona.

Wasalimie wote nyumbani.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Salamu zako zimefika. Bibi aliuliza kama "wote" ni pamoja na kila mtu. Nikamwambia nijuavyo mimi ndiyo. Siku hizi ananitaka nimsomee barua zako kwa sauti kubwa, wakati baba yumo ndani, eti masikio yake yamekufa. Jana alisikia mama akifungua kopo la sukari jikoni.

Nimefanya ulivyoniambia. Nilianza Jumatatu na nimeandika wiki nzima. Nakuletea yale tu ambayo nina hakika nayo.

Siku moja nilihesabu maswali yote tuliyoulizwa. Yalikuwa arobaini na moja. Ishirini na tisa yalijibiwa na mwalimu mwenyewe. Manane tulijibu darasa zima kwa kusema "ndiyo", kwa sababu swali lilikuwa "tumeelewana?" Manne ndiyo yaliyojibiwa na mwanafunzi aliyesimama.

Kisha nikapima muda ambao mwalimu husubiri, kwa kuhesabu kimoyomoyo. Wengi hawafiki tatu. Mwalimu wa Hesabu hafiki moja. Unajua Mwalimu wa Hesabu ni nani. Wanafunzi wanamwita Majibu, naye anajua, na nadhani anaona ni sifa. Husema, "Nani atanitajia tisa mara tisa themanini na moja?" Halafu anatutazama kama kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Lakini kuna kitu kilitokea Alhamisi. Mwalimu wa Biolojia aliuliza kwa nini jani likifunikwa hubadilika rangi, na papo hapo akaangusha boksi la chaki. Akainama kuokota. Chaki zilikuwa zimeviringika hadi chini ya madawati. Alipoinuka alikuta mikono mitatu juu, na mmoja ulikuwa wa msichana ambaye sijawahi kumsikia akiongea tangu kidato cha kwanza. Mwalimu alishangaa. Mimi sikushangaa. Nadhani jibu linachukua muda kutoka mahali lilipo hadi mdomoni, na walimu wanaondoka kabla halijafika.

Nikakumbuka miwani yako. Ulipokuwa ukitufundisha darasa la sita ulikuwa ukiuliza swali, unavua miwani, unafuta kioo cha kulia, unafuta cha kushoto, kisha unavaa na kutazama. Hukutuambia, lakini tulijua tumepewa vioo viwili vya kufikiri. Kwangu hicho ndicho kilichonifanya niwe macho. Sijui kama kinafaa kwa walimu sitini.

Baba hajambo.

Katibu


10 Machi

Katibu,

Marahaba, na ahsante. Dawa ya goti imo ndani ya kifurushi hiki. Achue kutoka juu kwenda chini, asinywe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa, na ndiyo iliyonionyesha kwamba sifai kwenda. Nimeshaandika barua ya kukataa. Nitaiposti mwisho wa mwezi, nikienda mjini kuchukua chaki. Nakueleza sababu kwa kuwa umefanya kazi ya wiki nzima na una haki ya kuijua. Ukurasa huu usimsomee bibi.

Nilikuwa katika mwezi wangu wa pili kwenye shule ya baba yako. Alikuja darasani na wageni wawili wa ukaguzi, wakakaa nyuma. Tulikuwa kwenye hesabu za sehemu. Nilikuwa nimewagawia vipande vya karatasi, nikauliza: nusu ukiigawa kwa robo unapata mbili, na mbili ni kubwa kuliko nusu, sasa kugawa kumekuzaje kitu? Kimya. Nikavua miwani. Nikafuta kioo cha kulia. Kabla sijagusa cha kushoto kaka alikuwa ameshafika mbele na chaki ameshaitoa mkononi mwangu. Akaandika ubaoni: geuza, zidisha. Akafundisha kipindi hadi mwisho. Wageni wakapiga makofi. Mimi nilisimama karibu na ndoo ya takataka. Alinirudishia chaki mlangoni, kama mtu anayerudisha mwavuli wa kuazima.

Niliomba uhamisho wiki ileile. Yeye alisaini.

Lakini katika jambo moja kaka hakukosea. Hakuna aliyejibu. Watoto arobaini na wanne, na hakuna hata mmoja. Kwa hiyo nitasimama vipi kuwafundisha walimu sitini njia ambayo siku ilipohitajika haikufanya kazi, na yeye ameketi pale mbele akijua kwamba haikufanya kazi?

Wewe ulikuwemo darasani. Sijui kama unakumbuka.

Soma vizuri. Kula.

Shangazi yako


16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Dawa imefika na bibi anaitumia. Nilipomsomea barua alisema kuna ukurasa nimeruka. Nikamwambia ulikuwa wa mambo ya kazi. Akasema yeye alizaa walimu wawili, au hiyo nayo haikuwa kazi.

Nakumbuka.

Nilikaa mstari wa tatu, dawati la dirishani. Ulikuwa umetupa kipande kirefu cha karatasi, tukakikunja, tukachana nusu, na ile nusu ya pili tukaichana robo mbili. Uliposema swali nilichukua robo moja nikailaza juu ya nusu. Haikuifunika yote. Nikaisogeza, ikafunika sehemu iliyobaki. Mara mbili. Nikaona kwamba hukutuuliza habari za kukata. Ulikuwa unauliza robo ngapi zinaingia ndani ya nusu. Kumbe hakuna kilichokua. Mbili zilikuwemo tangu mwanzo.

Nilitazama mbele nikaona unafuta kioo cha kulia. Nikasema moyoni, nitanyoosha akifika cha kushoto. Niliinua kiwiko kutoka kwenye dawati. Mkono wangu ulikuwa umefika usawa wa sikio baba alipopita pembeni yangu kwenda mbele. Nikaushusha nikajikuna shingo.

Alipoandika geuza, zidisha, nilinakili kama wenzangu. Hakusema kwa nini. Sasa niko kidato cha pili, tunageuza na kuzidisha kila siku, na bado hajasema. Sidhani kama amewahi kuulizwa.

Wiki iliyofuata ulihama. Kwa miaka mitatu nimefikiri ulihama kwa sababu yangu, kwa kuwa nilichelewa. Sijamwambia mtu, hata mama. Sikujua kwamba na wewe ulikuwa unafikiri hakuna aliyejua. Mimi nilijua, shangazi. Njia yako ilifanya kazi. Kilichokosekana ni kioo cha kushoto.

Tafadhali usiiposti ile barua.

Hii naiweka leo kwenye kikapu cha ofisini. Baba huzipeleka posta Ijumaa.

Katibu


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na tarehe 31 imepita. Labda barua yangu ilikuudhi. Kama ilikuudhi nisamehe, lakini yaliyomo ni kweli.

Mama amemaliza kola zote na sasa yuko kwenye vifungo. Bibi anatembea hadi kwa jirani na kurudi, ila akirudi analia goti ili apewe kiti chenye mto. Baba ana kazi nyingi za semina. Jumapili baada ya chakula nilimkuta peke yake mezani na ukurasa wa gazeti. Alikuwa ameukata kipande kirefu, anakikunja, anakikunjua, anakichana. Nikamwuliza anatengeneza nini. Akasema anatafuta kitu cha kuweka chini ya mguu wa meza, inayumba.

Meza yetu haiyumbi.

Nakuandikia kwa kuwa nimezoea kukuandikia. Si lazima ujibu.

Katibu


9 Aprili

Katibu wangu,

Marahaba. Hukuniudhi.

Barua yako ya tarehe 16 Machi imenifikia jana, pamoja na ile ya tarehe 2. Mihuri ya posta ni ya siku moja, 3 Aprili. Ile ya kwanza bahasha yake imechakaa pembeni, kama iliyokaa mfukoni, na imefungwa kwa gundi ya kahawia ya ofisini. Wewe hufunga kwa ulimi na kila mara huacha pembe moja wazi. Nakuandikia haya kama nilivyoyaona.

Barua ya kukataa niliiposti tarehe 27. Hukuchelewa wewe, ilichelewa barua. Juzi nikapata jibu kutoka kwa mratibu. Ni fupi, kwa hiyo nalinakili lote: "Barua yako tumeipokea. Mwenyekiti wa kamati ameagiza nafasi ya mada ya nne isijazwe na mtu mwingine yeyote. Tunakusubiri hadi tarehe 12."

Nimeisoma kwenye upande wa dirisha wenye kioo. Kisha nikaisoma tena.

Leo nimewauliza watoto wangu swali lile. Nikafuta kulia, nikafuta kushoto, na kwa kuwa sikuona mkono nikarudia kulia. Nilihesabu hadi kumi na tisa. Wakanyoosha watatu. Wa kwanza alikosea, wa pili akamsahihisha wa kwanza, na wa tatu akasema alitaka tu kwenda chooni.

Hukunihamisha wewe. Liandike hilo kwenye daftari lako, uweke na tarehe.

Nimempigia mratibu simu kutoka ofisi ya mkuu wetu. Nimesema nitakwenda. Nikakata kabla sijabadili mawazo.

Shangazi yako


22 Aprili

Katibu wangu,

Hamjambo huko? Nimerudi salama. Nilikuta watoto wa uwanjani wameshughulikia nusu ya kioo iliyobaki, kwa hiyo sasa dirisha langu ni boksi tupu na nakuandikia mlangoni, karatasi ikiwa gotini.

Utakuwa umeshasikia habari za semina. Au hukusikia. Namjua kaka. Nakueleza upande wangu.

Ukumbi ulikuwa mrefu, na viti vya plastiki vimepangwa kama vya mazishi, vyote vikitazama mbele. Kwenye ratiba walikuwa wameniweka baada ya chakula, saa ambayo hata mhubiri hapewi. Kaka aliketi mstari wa pili, kiti cha pembeni. Tulisalimiana mlangoni. Alisema, "Habari za safari? Nzuri." Nikasema nzuri.

Jambo la kwanza niliwaomba wageuze viti wakae wannewanne. Walinung'unika, viti vikapiga kelele, lakini mtu aliyetoka kubeba kiti hasinzii. Kisha nikampa kila mwalimu kipande kirefu cha karatasi na kuwauliza nusu ukiigawa kwa robo ni ngapi. Wote sitini wakasema mbili. Nikauliza mmepataje. Wakaitikia kama kwaya: geuza, zidisha. Wakafurahi sana, wengine wakagongeana mikono.

Nikauliza kwa nini imekuwa kubwa.

Ukumbi ukanyamaza, Katibu. Niliwahi kusikia kimya kile mara moja tu, na unajua ni wapi. Nikavua miwani. Nikaanza kioo cha kulia. Kuna aliyekohoa. Kuna aliyesema taratibu kwamba swali limekaa vibaya. Wengine walitazama viatu vyao. Ndipo mwalimu mmoja mzee wa kundi la mbele, mtu mwema, akainuka akaja kuelekea ubaoni huku amenyoosha mkono. Akasema, "Dada, lete chaki nikusaidie."

Chaki ilikuwa katika vidole vyangu pamoja na kitambaa cha miwani. Nilijua nikiikaza itavunjika. Sikuikaza, wala sikuitoa.

Kaka alisema kutoka pale alipokaa. Hakusimama, na hakupaza sauti. Alisema, "Kaa, ndugu yangu. Kioo cha kushoto bado."

Yule mzee alimtazama mwenyekiti, akanitazama mimi, akarudi kwenye kiti chake. Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyeelewa maneno yale. Niligeukia ubao kidogo, nikajifanya natafuta mwanga. Kisha nikafuta kioo cha kushoto. Nilikifuta kama mtu aliyelipwa kukifuta. Nilipovaa miwani kulikuwa na mkono mmoja juu, wa mwalimu wa darasa la kwanza aliyekaa karibu na mlango, na mtoto mgongoni. Alisema yeye hajui hesabu za kugeuza, amekwishazisahau, lakini ameweka robo juu ya nusu na imeingia mara mbili. Akauliza kama ndicho nilichokuwa nataka. Sikumjibu. Niliwauliza wengine kama ndicho.

Baada ya hapo sikuwa na kazi kubwa. Walibishana. Walikunja karatasi, wakachana, wakaomba nyingine. Yule mzee alitaka kujua robo ukiigawa kwa nusu, akaikuta mwenyewe, akaenda kuwaonyesha makundi mengine matatu. Nikawaambia waulizane maswali wawili wawili, anayeuliza akae kimya hadi ahesabu kumi. Ni hapo nilipojua kwamba wapo. Ungewaona, watu wazima, wamebana midomo kama wanaoshikilia maji. Mmoja alisema katika miaka yake yote ya ualimu hakuna kazi ngumu aliyopewa kama ile. Chai ililetwa na ikapoa.

Nilisoma pia hesabu zako, arobaini na moja, ishirini na tisa, manane, manne. Nilisema zimetoka kwa mtafiti wangu. Hawakuuliza umri wako.

Kaka alikunja karatasi yake kama wengine. Hakujibu swali lolote, hata la kwake mwenyewe. Kazi ilipokwisha alichukua mfuko wangu akaubeba hadi kituo cha basi. Ni mwendo wa robo saa. Alisema chai ilikuwa imepoa, nikasema ni kweli ilikuwa imepoa. Tulipofika alisema goti la mama lina nafuu. Nikasema ni dawa. Akanipitishia mfuko dirishani, akasimama pale hadi basi lilipoondoka. Kuhusu bahasha hatukusema, yeye wala mimi.

Mratibu anataka nirudie kwa kanda nyingine mwezi wa tisa. Nimesema nitafikiri. Amesema atasubiri, na safari hii sikuona kama ananisukuma.

Barua hii unaweza kumsomea bibi yote.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na dirisha. Mama amekukatia pazia kutoka kwenye kitambaa kilichobaki, ni la bluu, na limo ndani ya kifurushi. Sare zote zimekwenda na sebule imerudi kuwa na viti. Bibi hajambo.

Nilimsomea barua yako mara mbili, mchana, baba akiwa anatengeneza kitasa cha mlango unaofunguka vizuri tangu zamani. Sikuruka ukurasa. Nilipofika kwenye yale maneno ya kioo, bibi aliniambia nirudie hapo, hakusikia. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Baba aliendelea na kitasa.

Shule imefunguliwa. Siku ya kwanza baba aliingia darasani akaandika ubaoni nusu gawa kwa robo. Tukaanza kucheka kidogo, kwa kuwa hizo ni za darasa la sita. Akauliza kwa nini jibu ni kubwa. Kisha akanyamaza. Hana miwani, kwa hiyo alitoa leso akaanza kuikunja. Alipoikunja mara ya pili kiranja aliniuliza kwa mnong'ono kama baba yangu anaumwa. Alipoikunja mara ya nne na ikawa haikunjiki tena, akaikunjua akaanza upya.

Nilinyoosha mkono. Niliupitisha sikio nikaunyoosha wote. Aliniita, nikasimama, nikasema yale niliyokuandikia, kwamba hakuna kilichokua, mbili zilikuwemo tangu mwanzo. Baba aliandika maneno yangu ubaoni kama nilivyoyasema, hakuongeza wala kupunguza. Mkono wake ulikuwa na vumbi la chaki hadi kwenye saa. Kisha akasema nikae, akaendelea na swali la pili.

Si maswali yote anayosubiri. Nimehesabu: wiki hii amesubiri sita kati ya thelathini na mbili. Lakini mwezi wa pili yalikuwa sifuri. Darasani wanabishana kama jina la Majibu bado linamfaa, na wengine wanapendekeza Leso.

Kuhusu gundi sikumwuliza. Jumatatu aliniita ofisini akanipa stempu kumi, akasema kuanzia sasa barua zangu nipeleke posta mwenyewe, ni karibu tu. Alisema hivyo akitazama kikapu, akakisogeza ukutani ingawa kilikuwa ukutani.

Sasa jambo lenyewe. Jana tulikuwa tunakula. Baba aliweka kijiko chini akasema, "Shangazi yako atakuja likizo ya mwezi wa nane?"

Tulingoja ajijibu. Mama aliacha kupakua. Bibi, ambaye masikio yake yamekufa, aligeuza kichwa. Baba akatoa leso akaikunja mara moja, akaikunja mara mbili, akatutazama. Nikamwambia sijui, labda nikuandikie nikuulize.

Nimekuandikia. Posta nitapeleka mwenyewe, na bahasha nitaifunga kwa ulimi. Anasubiri.

Katibu